Laptopu Imeamka na Kukuuliza Neno la Siri? Tulia Kwanza

 

Tulikuwa Ikonge, kaunti ya Nyamira, kwenye ile barabara ya kutoka Chebilat kwenda Chabera. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, kutembelea mawakala na kuona kama kila kitu kiko sawa. Lakini kwenye duka moja tulipokelewa kwa swali kabla hata ya salamu kwisha.

"Vijana wangu, ni nyinyi mmenifungia kompyuta?"

Aliyeuliza ni mama mwenye duka la jumla, ambaye pia ni wakala wa pesa za simu na mweka hazina wa chama cha akina mama. Laptopu ilikuwa pale kwenye kaunta, imewaka, na kwenye skrini kulikuwa na jina lake, picha ya maua, na kisanduku kinachosubiri neno la siri.

"Nimeitumia zaidi ya mwaka," akasema. "Haijawahi kuniuliza kitu. Leo asubuhi ati inataka neno la siri. Lipi?"

Mkononi alikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa amemwambia kwamba laptopu imeshambuliwa na anaweza kuifungua akiwa mbali. Bei yake ni shilingi 1,500, na ili "kuthibitisha mwenye mashine" alitaka PIN yake ya pesa za simu.

Tulimwomba kwa heshima akate simu hiyo kwanza, halafu tukae chini tuangalie pamoja. Tulichokipata siku hiyo ndicho tunachotaka kukufundisha leo, kwa sababu kinaweza kukupata wewe pia, uwe Ikonge, Keroka, Kisumu au Mombasa.

Jambo la kwanza: pesa zako haziko ndani ya laptopu

Tuanze hapa maana hofu ndiyo humfanya mtu ataje PIN. Pesa za simu haziwekwi kwenye laptopu. Hata salio lako la uwakala haliko humo. Ziko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lako na kuunganishwa na laini yako. Laptopu ikifungika, ikaharibika, au hata ikaanguka kwenye matope ya msimu wa mvua, pesa zako ziko pale pale, na taarifa ya miamala yako unaweza kuiomba tena.

Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, kuna somo moja ambalo sisi Wakenya tumerudia mpaka watoto wanalijua: PIN ni yako peke yako. Hapo hakuna mabadiliko. Hakuna laptopu yoyote duniani inayofunguliwa kwa PIN ya pesa za simu. Mtu akikuomba PIN hiyo ili akufungulie kompyuta, ujue kompyuta siyo anayoitaka.

Lakini hiyo haimaanishi laptopu haina thamani. Mama huyu alikuwa na kitu humo ndani ambacho hakuna kampuni ingeweza kumrudishia: hesabu za chama. Bonasi ya majani chai ilikuwa imelipwa, akina mama walikuwa wamelipa madeni na michango, na jioni iliyotangulia alikuwa ameketi akiingiza kila jina na kila shilingi kwenye Excel. Katikati ya kazi, stima ikapotea. Hakuwa amehifadhi faili. Alifunika laptopu akaenda kulala, akijua asubuhi ataendelea pale alipoachia.

Kulala na kulala usingizi mzito

Ili uelewe kilichotokea usiku ule, lazima ujue kwamba laptopu ina usingizi wa aina mbili.

Usingizi wa kwanza ni mwepesi. Ukifunika laptopu kwa muda mfupi, kazi yako inabaki kwenye kumbukumbu ya muda, na betri inaendelea kuilisha kidogo kidogo. Ukifunua, inaamka mara moja. Kwenye skrini usingizi huu huandikwa Sleep.

Usingizi wa pili ni mzito, na kwenye skrini utauona umeandikwa Hibernate. Hapa laptopu inachukua kila kitu ulichokuwa umefungua, inakinakili kwenye diski yake, kisha inajizima kabisa. Haitumii chaji tena. Ukiiwasha, inasoma ile nakala na kukurudishia kazi yako kama ulivyoiacha.

Na si lazima wewe ndiye uiambie ilale usingizi mzito. Laptopu nyingi za Windows zimepangwa kufanya hivyo zenyewe betri inapokaribia kwisha, ili kazi yako isipotee. Kwa sisi tunaojua stima ikienda inaweza kurudi kesho, hiyo ni baraka. Laptopu ya mama yetu ililala usingizi mwepesi, betri ikashuka mpaka karibu kuisha, ikajinakili, ikajizima. Stima iliporudi asubuhi, akachomeka chaja na kubonyeza kitufe.

Kwa hivyo zile hesabu za chama zilikuwa bado zipo. Zilikuwa nyuma ya kile kisanduku cha neno la siri.

Sasa mbona haikuwahi kuuliza neno la siri?

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, na ndipo matapeli hupata nafasi. Tulimwomba mama ampigie aliyemtengenezea laptopu. Ni mwana wa kaka yake, yuko Nairobi.

"Mwanangu, hii mashine yako inaniuliza neno la siri. Umenifungia?"

Kijana akacheka. "Shangazi, neno la siri lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Niliipanga tu iwe inaingia yenyewe ili usisumbuke."

Kumbe! Kuna mpangilio kwenye Windows unaoifanya laptopu ijijazie neno la siri yenyewe kila inapowashwa upya. Wewe unaona inafunguka tu, unadhani haina kufuli. Lakini mpangilio huo hufanya kazi pale unapoiwasha baada ya kuizima kabisa. Laptopu ikiamka kutoka usingizini, hasa ukiwa hujazima sharti la kuulizwa, haihesabu kwamba imewashwa upya. Inahesabu kwamba mwenyewe alitoka chumbani akaacha mlango umefungwa, na sasa mtu amebisha hodi. Lazima iulize ni nani.

Mama alikuwa na kawaida ya kuzima laptopu kila jioni, kwa hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwahi kukutana na kufuli lake mwenyewe. Stima ndiyo iliyomkutanisha nalo.

Sababu zingine zinazoweza kuleta swali hilo ghafla ni hizi:

- Mtu aliingia na barua pepe kwenye programu ya Microsoft, labda ili kutumia Word, akakubali akaunti hiyo itumike kwenye kompyuta nzima. Kuanzia hapo neno la siri linalotakiwa ni la akaunti ya Microsoft ya barua pepe ile.
- Neno la siri la akaunti ya Microsoft lilibadilishwa kwenye simu au kompyuta nyingine, na laptopu bado inajaribu la zamani.
- Mtu mwingine nyumbani au dukani aliweka neno la siri akasahau kukuambia.

Umeona? Kwa hizi zote hakuna mshambulizi. Mara nyingi swali hilo ni laptopu ikifanya kazi yake.

Angalia ni skrini gani inayouliza

Kabla hujaandika chochote, soma skrini. Kuna maswali ya aina nne, na kila moja lina ufunguo wake. Usipeleke ufunguo wa stoo kwenye mlango wa jikoni.

1. Skrini yenye jina lako au picha yako. Huyu ni Windows. Anataka neno la siri la laptopu au la akaunti yako ya Microsoft, au PIN uliyoiweka kwenye laptopu hiyo. Hili ndilo lililompata mama wa Ikonge.

2. Skrini ya bluu iliyoandikwa BitLocker recovery. Diski yako imefungwa kwa usalama, na inataka ufunguo wa tarakimu 48. Inaweza kutokea baada ya mabadiliko kwenye mitambo ya ndani ya laptopu. Usibahatishe. Kama laptopu imeunganishwa na akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo, na unaweza kuingia kwa simu ukausoma.

3. Skrini nyeusi au ya kijivu kabla Windows haijatokea. Hili ni neno la siri la laptopu yenyewe, lililowekwa chini kabisa ya mfumo. Linaweza kukushtua kwenye laptopu za mtumba, zile tunaita ex-UK, kama mwenye kwanza aliliweka. Kwa kuwa usingizi mzito huzima laptopu kabisa, ikiamka inapitia mlango huu tena, wakati kwa usingizi mwepesi haipitii. Mrudie aliyekuuzia, ukiwa na risiti.

4. Ukurasa wa intaneti unaosema kompyuta imefungwa, piga nambari hii. Huo ni utapeli. Usipige. Bonyeza Alt na F4 pamoja ili uufunge. Ukikataa, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, fungua Task Manager, ufunge programu ya intaneti kutoka hapo.

Tunarudia: katika skrini hizi nne, hakuna hata moja ambayo jibu lake ni PIN ya pesa za simu.

Hatua za kufuata, moja baada ya nyingine

Turudi kwa mama. Tulifuata hatua hizi, nawe ukifika hapo zifuate kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Usiizime kwa nguvu. Watu wengi wakiona skrini hiyo hushikilia kitufe mpaka laptopu izimike. Ukifanya hivyo, kazi ambayo hukuwa umehifadhi inaweza kupotea. Ichomeke kwenye chaja, uiache ikisubiri. Haina haraka.

Hatua ya 2: Mtafute aliyeitengeneza. Mwanao, mpwa wako, fundi aliyeiuza, mwalimu aliyekusaidia. Muulize mambo mawili: je, kuna neno la siri, na je, kuna barua pepe iliyotumika? Mpigie kwa nambari unayoijua wewe, siyo nambari uliyotumiwa na mtu mwingine.

Hatua ya 3: Andika pole pole. Mpwa wa mama alitaja neno la siri. Tukaandika, likakataa. Tukaandika tena, likakataa. Mama akaanza kuingiwa na wasiwasi upya. Halafu tukabonyeza ile alama ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku, inayokuonyesha ulichoandika. Herufi zote zilikuwa kubwa! Caps Lock ilikuwa imewashwa. Kwa hivyo angalia Caps Lock. Kama neno lako lina nambari, angalia pia Num Lock, maana kwenye kibodi zingine inageuza herufi kuwa nambari. Na kama laptopu yako ina lugha mbili za kibodi, hakikisha uko kwenye ile sahihi, kwa sababu alama kama @ inaweza kuhama mahali.

Tulizima Caps Lock, tukaandika tena, skrini ikafunguka. Excel ilikuwa pale pale, mshale ukiwa umesimama kwenye jina alilokuwa akiliandika stima ilipopotea. Mama hakusema kitu. Alibonyeza Ctrl na S kuhifadhi, kisha akabonyeza tena, na tena mara ya tatu.

Hatua ya 4: Neno likiwa limesahaulika kabisa. Kama ni akaunti ya Microsoft, kwenye skrini hiyo hiyo kuna maandishi ya kukusaidia kuweka neno jipya, ukiwa na intaneti na simu au barua pepe uliyojisajili nayo. Kama ni akaunti ya laptopu peke yake, ukikosea neno, Windows 10 na 11 huweza kukuletea maswali ya usalama yaliyowekwa mwanzoni. Yajibu kama yalivyojibiwa siku hiyo.

Hatua ya 5: Kuwasha upya iwe ya mwisho. Ile alama ya kuzima iliyo kwenye kona ya skrini ina chaguo la Restart. Kwa laptopu inayojijazia neno la siri, kama ya mama, ingeweza kufungua mlango. Lakini kuwasha upya kunatupa ule usingizi mzito pamoja na kazi iliyokuwa ndani yake. Excel kwa kawaida hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, kwa hivyo unaweza kupata sehemu fulani, lakini usiitegemee. Fanya hivi pale tu hatua zingine zimekwama, na ujue unachoweza kupoteza.

Hatua ya 6: Ukienda kwa fundi, nenda mwenyewe. Mpeleke laptopu, kaa naye akifanya kazi ukiweza. Anaweza kuhitaji neno la siri la laptopu. Hahitaji PIN yako, hahitaji kitambulisho chako kibaki kwake, na hahitaji laini yako ya simu. Na baada ya kazi, badilisha neno la siri.

Je, nizime hili swali lisinisumbue tena?

Mama alituuliza hivyo hivyo. Inawezekana. Kwenye Windows 11 unafungua Settings, kisha Accounts, kisha Sign-in options, na hapo kuna sehemu inayouliza ni lini utakiwe kuingia upya ukiwa umeondoka. Ukichagua Never, swali la kuamka linaondoka. Chaguo hutofautiana kidogo kati ya laptopu na laptopu.

Lakini kwa laptopu ya biashara, sisi tunakushauri usifanye hivyo. Fikiria kilicho ndani ya laptopu ya mama: majina ya wanachama, nambari zao za simu, nani ana deni na la kiasi gani. Ukiwa wakala, unaweza pia kuwa na nambari za vitambulisho vya wateja. Laptopu hiyo ikiibiwa haina kufuli, mwizi amepata orodha ya watu wa kuwapigia, akiwataja kwa majina na akijua hata madeni yao. Hivyo ndivyo simu za "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie" zinavyopata nguvu. Tena Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na inamtaka anayeshika habari za watu wengine kwa kazi yake azitunze.

Badala ya kuondoa kufuli, lifanye lako. Tulichofanya Ikonge ni hiki: mama aliweka neno la siri jipya analolijua yeye, kisha akaweka PIN ya laptopu ili asichoke kuandika. PIN hiyo hufanya kazi kwenye laptopu ile moja tu.

Na hapa sikia kwa makini, maana tulimkamata mama kabla hajamaliza. Alitaka kuweka zile zile tarakimu nne anazotumia kwenye pesa za simu, "ili nisisahau." Hapana, Mama! Kaunta ya duka ina macho mengi. Mtoto anaona, mteja anaona, jirani aliyekuja kukopa sukari anaona. Wakijua PIN ya laptopu na ni ile ile ya simu, umewapa funguo mbili kwa mpigo. Weka ndefu zaidi, na iwe tofauti kabisa.

Zoezi la leo jioni

Usingoje stima ipotee ndipo ujue kama laptopu yako ina kufuli. Leo jioni fanya hivi:

- Hifadhi kazi yako yote na ufunge programu zote.
- Mpigie aliyeitengeneza laptopu, uandike neno la siri kwenye daftari linalokaa nyumbani, siyo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye laptopu.
- Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L. Laptopu itajifunga, na mara nyingi itakuuliza kile kile itakachouliza ikiamka usingizini.
- Jaribu kuingia. Ukiweza, uko sawa. Ukishindwa, hujapoteza kazi, na sasa unajua cha kutafuta.
- Jizoeze kubonyeza Ctrl na S kila ukimaliza mistari michache, hata kabla taa hazijaanza kupepesa.

Tulipokuwa tukiondoka dukani, ile simu iliita tena. Nambari ni ile ile. Mama akaiangalia, akaipokea, akasema kwa sauti tulivu: "Asante kijana, kompyuta imeamka yenyewe." Akakata, kisha akatuitisha chai.